Uzi: Minneapolis na Saint Paul, vivutio vya miji pacha ya Minnesota na sababu ya kutoishia upande mmoja wa mto

Mwanzisha uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Ndugu zetu wengi husafiri kwenda jimbo la Minnesota, ama kuwatembelea jamaa, ama kuhudhuria mahafali ya watoto wao, ama kwa shughuli za kikazi, na baadhi yao hurudi wakisema kwamba huko hakuna cha kuona isipokuwa baridi na maduka. Kauli hiyo inanisikitisha, kwa kuwa naipenda miji ya Minneapolis na Saint Paul, na ninaamini kwamba mgeni akielekezwa vizuri ataona mengi, tena sehemu kubwa bila kulipa kiingilio. Nimefungua uzi huu ili tuelekezane. Rai yangu naitanguliza: anza na mto Mississippi, na usikubali kuishia Minneapolis peke yake, kwa sababu Saint Paul ina majibu ya maswali ambayo Minneapolis itakuachia.

Swali la kwanza ambalo kila mgeni hujiuliza ni hili: kwa nini iko miji miwili iliyogusana, yenye mameya wawili na maeneo mawili ya katikati ya mji, mahali ambapo mji mmoja ungetosha? Jibu liko majini. Meli za mvuke zilizopanda Mississippi katika karne ya 19 zilifika Saint Paul bila taabu kubwa, lakini juu ya hapo mto unaingia katika korongo jembamba lenye mkondo mkali, kwa hiyo abiria na mizigo walishuka Saint Paul, na mji huo ukawa bandari, soko na, kuanzia mwaka 1849, makao makuu ya serikali. Mwisho wa korongo hilo, ukiendelea kupanda, yako maporomoko ya Saint Anthony, ambayo ndiyo maporomoko makubwa pekee ya asili katika mto wote wa Mississippi. Nguvu ya maji yale iliendesha viwanda vya kupasua mbao, kisha vya kusaga ngano, na kando yake ikakua Minneapolis. Mji mmoja ulizaliwa pale meli ziliposhindwa kuendelea, na mwingine ukazaliwa pale maji yalipoanguka. Ushindani wao ulikuwa mkali mno: katika sensa ya mwaka 1890 kila upande uliongeza watu wasiokuwapo ili uonekane mkubwa kuliko mwenzake, hata baadhi ya makarani wa Minneapolis wakakamatwa na maofisa wa serikali kuu, na hesabu ikarudiwa katika miji yote miwili.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nenda kwenye daraja la Stone Arch. Ni daraja la mawe lenye matao mengi linalopinda juu ya mto karibu na maporomoko, lililojengwa mwaka 1883 na tajiri wa reli James J. Hill kwa ajili ya treni zake, na tangu mwaka 1994 limekuwa la watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Simama katikati yake, uyatazame maporomoko kwa upande wa juu. Watu wa taifa la Dakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, huyaita Owámniyomni na huyahesabu kuwa mahali patakatifu. Jina la Saint Anthony lilitolewa mwaka 1680 na padri Louis Hennepin. Ni vema mgeni aambiwe mapema kwamba hataona mwamba wa asili, kwa maana maji leo yanateleza juu ya mteremko wa saruji. Sababu yake inafaa kufahamika. Juu kuna tabaka gumu la mawe ya chokaa, na chini yake kuna jiwe la mchanga lililo laini kiasi kwamba maji hulitafuna upesi; tabaka la juu likikosa egemeo, humeguka, na maporomoko hurudi nyuma kidogo. Kwa zaidi ya miaka 10,000, tangu barafu za kale zilipoyeyuka, maporomoko haya yamesafiri hivyo kutoka upande wa Saint Paul hadi yalipo sasa, na korongo lote unaloliona ndiyo njia yake. Mwaka 1869 handaki lililokuwa likichimbwa chini ya mto liliporomoka, maporomoko yakakaribia kuangamia yote, na ndipo wahandisi wa jeshi wakayaimarisha kwa ukuta wa chini ya ardhi na ule mteremko.

Kando ya daraja, upande wa magharibi, liko jumba la makumbusho la Mill City, na kama una nafasi ya kulipia kiingilio mahali pamoja tu, lipia hapa. Ni magofu ya kiwanda cha unga kilichoitwa Washburn A. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lililotanda hewani ndani ya kiwanda cha kwanza lilishika moto, likalipuka, na watu 18 wakafa. Wengi wetu tunaoshinda jikoni hatujui kwamba unga ukiwa vumbi jepesi hewani huwaka kwa nguvu ya baruti. Kiwanda kilijengwa upya kikiwa kikubwa zaidi, na kutoka mwaka 1880 hadi 1930 Minneapolis iliongoza dunia kwa kusaga unga wa ngano. Kilifungwa mwaka 1965, kikaungua mwaka 1991, na mwaka 2003 makumbusho yakafunguliwa ndani ya kuta zilizobaki. Utaingizwa katika lifti kubwa ya mizigo iliyowekwa viti kama vya ukumbini. Lifti inapanda na kusimama ghorofa baada ya ghorofa, milango inafunguka, na kila mara unakuta mashine na kusikia sauti za watu waliofanya kazi pale wakieleza kelele, hatari na fahari ya kazi yao. Ukishuka, toka uwanjani ukatazame kuta za mawe zisizo na paa na madirisha yaliyobaki matundu, ambako anga inaonekana mahali palipokuwa na sakafu.

Hatua chache kutoka hapo pana jumba la tamthilia la Guthrie, jengo la rangi ya samawati iliyokoza lililosanifiwa na Mfaransa Jean Nouvel na kufunguliwa mwaka 2006. Hata usiponunua tiketi ya mchezo, unaruhusiwa kuingia na kutembea kwenye ukumbi wake mrefu ulioning'inia kuelekea mtoni bila nguzo. Hapo unaona maporomoko, daraja na maghala ya nafaka kwa pamoja.

Bustani ya sanamu iliyo mkabala na jumba la sanaa la Walker haina kiingilio. Ilifunguliwa mwaka 1988, na kila mtu hupiga picha mbele ya kijiko kikubwa cha chuma chenye tunda la cheri jekundu nchani, kazi ya Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen. Kijiko kina urefu wa takriban mita 15, na kwenye kikonyo cha tunda kuna mrija unaotoa maji wakati wa joto, ili rangi ing'ae. Siku hizi yupo pia jogoo wa buluu wa msanii wa Kijerumani Katharina Fritsch, aliyesimamishwa hapo mwaka 2017, ambaye watoto humpenda kuliko kile kijiko. Mwenye kupenda sanaa za kale aende Minneapolis Institute of Art, ambako mkusanyiko wa kudumu hutazamwa bure na sanaa za Afrika zimepewa nafasi yake.

Maziwa ya mjini nitayapitia haraka, ingawa wenyeji wanaweza kunilaumu. Bde Maka Ska, ambalo ramani za zamani zinaliita Calhoun, Ziwa la Visiwa na Ziwa Harriet yameungana kwa njia za miguu na baiskeli, na mtu yeyote ataweza kujiongoza mwenyewe. Usiache, lakini, maporomoko ya Minnehaha, yenye kimo cha mita 16, ndani ya bustani ya umma iliyo kusini mwa mji. Maji ya kijito yanaanguka kutoka kwenye ukingo wa yale yale mawe ya chokaa niliyoyataja, na ukishuka ngazi hadi chini utaona kwa macho jinsi jiwe la mchanga lilivyolika nyuma ya pazia la maji. Yalipata umaarufu kwa utenzi wa Longfellow wa mwaka 1855, ingawa mshairi mwenyewe hakuwahi kufika hapo.

Sasa vuka uende Saint Paul. Panda treni ya Green Line, iliyoanza mwaka 2014 na inayounganisha vitovu vya miji yote miwili kwa safari isiyofika saa moja. Treni inavuka Mississippi juu ya daraja lililo kando ya chuo kikuu, ambako mkono wa kulia utaliona jumba la sanaa la Weisman, jengo la Frank Gehry la mwaka 1993 lenye mabati ya chuma kisichoshika kutu yaliyojikunja, kisha inafuata barabara ya University hadi makao ya serikali ya jimbo.

Jengo hilo la serikali lilifunguliwa mwaka 1905, na msanifu wake, Cass Gilbert, alilivika kuba la marumaru nyeupe. Marumaru hiyo ilitoka Georgia, jimbo la Kusini, jambo lililozua ubishi mkali wakati huo, kwa kuwa wazee waliopigana dhidi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa bado hai. Maelewano yaliyopatikana yalikuwa kutumia mawe ya Minnesota kwenye msingi na marumaru ya Georgia juu. Ziara za kuongozwa zipo, na hali ya hewa ikiruhusu mgeni hupandishwa hadi darini, kando ya farasi wanne waliopakwa dhahabu. Ukiwa pale juu, elekeza macho kusini-magharibi: kilimani utaliona kuba jingine, la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ambalo ibada ya kwanza ilifanyika ndani yake mwaka 1915. Serikali na kanisa zimepewa vilima viwili vinavyotazamana, na mji umetandazwa katikati.

Mkabala na kanisa hilo, mwanzoni mwa barabara ya Summit, iko nyumba ya James J. Hill, yule yule aliyejenga daraja la Stone Arch. Aliikamilisha mwaka 1891, kwa mawe mekundu mazito, na ndani kuna ukumbi wa picha wenye kinanda cha mabomba. Hapa ndipo hoja yangu inapokamilika kwa mtu aliyeanzia mtoni: ngano ilisagwa Minneapolis, ikasafirishwa kwa reli, na faida ya reli ikapanda kilimani Saint Paul na kugeuka nyumba. Baada ya kuiona, tembea barabara ya Summit yenyewe, ambayo ina urefu wa zaidi ya kilomita 7 na nyumba nyingi za enzi ile zilizotunzwa, mwandishi F. Scott Fitzgerald alizaliwa jirani na hapo mwaka 1896.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa Arusha:

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Mimi na mke wangu tumealikwa na binti yetu kumtembelea mwezi wa Januari, na tutakuwa na wajukuu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba. Umetaja madaraja na bustani, lakini je, katika baridi ya mwezi huo mtu mzima wa umri wangu ataweza kuona chochote, au tukae tu sebuleni?

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu. Msikae sebuleni. Ni kweli kwamba Januari joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na upepo huongeza ukali, lakini miji hii imejengwa na watu wanaoijua baridi yao. Katikati ya Minneapolis majengo yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, ghorofa moja juu ya barabara, ambayo wenyeji huyaita Skyway. Ya kwanza yalifunguliwa mwaka 1962, na sasa yana urefu wa takriban kilomita 15, yakipita ndani ya ofisi, maduka, hoteli na migahawa. Unaweza kutembea mchana kutwa ukiwa umevaa sweta tu. Saint Paul nayo ina yake, ingawa ni mafupi. Angalia saa za kufunga, hasa mwisho wa juma, kwa kuwa sehemu nyingine hufungwa mapema.

Kwa wajukuu, mahali pa kwanza ni Como, huko Saint Paul. Pana bustani ya wanyama na jumba la vioo la mimea lililojengwa mwaka 1915, na havina kiingilio cha lazima. Unaombwa mchango wa hiari, nami nakusihi uutoe. Nje kuna theluji ya kufika magotini, kisha unasukuma mlango na kukutana na joto na unyevu wa pwani, mitende imesimama chini ya kuba la vioo, na miwani yako inaingia ukungu papo hapo. Kwa mtu aliyetoka kwetu, faraja yake haielezeki. Ukumbi wenye bwawa hupambwa kwa maua yanayobadilishwa kufuatana na misimu, kwa hiyo hata Januari hamtakosa rangi.

Jumba la sayansi la Minnesota, nalo liko Saint Paul ukingoni mwa mto, lina mifupa ya dinosaria na vifaa vingi ambavyo watoto wanaruhusiwa kushika. Mwishoni mwa Januari huanza pia sherehe ya majira ya baridi ya Saint Paul, iliyoasisiwa mwaka 1886 baada ya mwandishi wa gazeti la New York kuufananisha mji na Siberia; wananchi walimjibu kwa kujenga kasri la barafu, na hadi leo wachongaji hushindana kuchonga sanamu za barafu. Hata Minnehaha, baridi ikikaza, huganda na kuwa ukuta wa barafu wenye rangi ya kibuluu, na unaweza kuutazama kutoka juu, kwenye uzio, bila kushuka ngazi ambazo wakati huo hufungwa kwa usalama.

Kuhusu mavazi, vaeni nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito juu ya shati, na msinunue viatu kabla ya kufika, maana viatu vya theluji vinavyouzwa huko ndivyo vinavyofaa huko.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:

Naheshimu mawazo ya mwanzisha uzi, lakini naona ameyaonea maduka. Mall of America ndiyo kubwa kuliko zote nchini Marekani, ilifunguliwa mwaka 1992, ina uwanja mzima wa michezo ya kubembea ndani ya jengo na ina nyumba ya samaki wa baharini. Isitoshe, Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwa nguo, na mtu anayerudi nyumbani ana wapwa, mashemeji na majirani wanaomsubiri. Je, unataka tuwaletee picha za magofu?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, hoja ya kodi ni ya kweli, na sitamzuia mtu kuwanunulia ndugu zake nguo. Ninachoomba ni kwamba safari ya dukani itumike vizuri. Mall of America iko Bloomington, mwisho wa reli ya Blue Line, na treni hiyo hiyo inapita uwanja wa ndege, kisha Fort Snelling, kisha bustani ya Minnehaha, kabla ya kuingia katikati ya Minneapolis. Kwa hiyo mwenye kwenda dukani anapita kwenye vituo viwili vyenye uzito mkubwa wa historia, na kushuka ni suala la kutaka tu.

Naomba nizungumzie Fort Snelling, kwa kuwa sikuitaja hapo mwanzo nikikusudia kuipa nafasi yake. Ni ngome ya jeshi iliyojengwa kuanzia mwaka 1819 juu ya jabali, mahali ambapo mto Minnesota unaingia Mississippi, katikati kabisa ya miji yetu miwili. Kwa Wadakota wengi, makutano hayo ya mito, wanayoyaita Bdote, ni chimbuko la watu wao. Katika miaka ya 1830 waliishi hapo Dred Scott na mkewe Harriet, Waafrika waliokuwa wakimilikiwa kama watumwa katika nchi ambayo sheria ilikataza utumwa, na madai yao ya uhuru yaliyofuata yakafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1857 iliwakatalia kwa hukumu inayokumbukwa hadi leo kwa dhuluma yake. Kisha, baada ya vita kati ya Wadakota na serikali mwaka 1862, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa kambini chini ya ngome hiyo majira yote ya baridi, na wengi wakafa. Leo waongozaji wanaeleza habari hizi zote waziwazi. Sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kusimama mbele ya chumba cha akina Scott.

Mchangiaji wa Brooklyn Park, Minnesota:

Mimi ni Mkenya, na naishi kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis. Mwanzisha uzi ameeleza vyema, lakini ameruka jambo ambalo sisi wakazi tunalionea fahari, nalo ni masoko ya wahamiaji. Minnesota ina jamii kubwa ya Wasomali kuliko jimbo lolote la Marekani, na wengi wao waliwahi kuishi Nairobi, Mombasa, Dadaab au Kakuma kabla ya kuhamia huku. Ukiingia Karmel Mall, kusini mwa Minneapolis karibu na barabara ya Lake, utakuta vibanda vya vitambaa, udi, dhahabu na simu, vinyozi na wauza chai, na si ajabu ukijaribu Kiswahili ukajibiwa kwa Kiswahili cha Eastleigh. Sambusa hukaangwa hapo hapo. Mgeni Mwislamu hatapata shida ya chakula halali wala mahali pa kuswali, na mwaka 2023 baraza la jiji la Minneapolis liliruhusu adhana kusikika kwa vipaza sauti katika vipindi vyote vitano. Mashariki kidogo, barabara hiyo hiyo ya Lake, liko Midtown Global Market, soko lililo ndani ya jengo la zamani la Sears, ambako wapishi wa mataifa mengi wamekaa chini ya paa moja.

Upande wa Saint Paul, nendeni Hmongtown Marketplace, si mbali na jengo la serikali. Wahmong walikuja kutoka Laos baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1975, na Saint Paul ni mojawapo ya makao yao makubwa nchini. Waangalie akina mama wanavyotengeneza saladi ya papai bichi: wanakwangua papai kuwa nyuzi, wanatia pilipili, ndimu na nyanya ndogo katika kinu cha udongo, wanatwanga taratibu kwa mchi wa mbao huku wakigeuza kwa kijiko, kisha wanakuonjesha kabla ya kufunga ili uamue kiasi cha pilipili. Wakati wa kiangazi wakulima wao huuza nje ya jengo mboga ambazo mtu wa kwetu atazitambua, majani ya maboga yakiwemo.

Mwanzisha uzi:

Dada au kaka yangu wa Brooklyn Park, umeziba pengo kubwa, nami nakubaliana nawe kwa kila neno. Naongeza tu kwamba anayetaka kuona masoko haya katika uchangamfu wao aende Jumamosi mchana.

Mchangiaji wa Kampala:

Mimi ni mpenzi wa muziki, na kwangu Minneapolis maana yake ni Prince. Naomba kuelekezwa. Pia nataka kujua kama ni heshima kwa mgeni kwenda mahali alipouawa George Floyd, au ni kujiingiza katika huzuni ya wenyewe.

Mwanzisha uzi:

Kwa Prince, anza na First Avenue, ukumbi wa muziki ulio katikati ya Minneapolis katika jengo lililokuwa kituo cha mabasi. Kuta zake za nje zimechorwa nyota za fedha zenye majina ya waliotumbuiza hapo, na nyota ya Prince, ambaye alifariki tarehe 21 Aprili 2016, ni ya dhahabu. Makazi na studio yake, Paisley Park, yako Chanhassen, kusini-magharibi mwa mji, na yalifunguliwa kuwa makumbusho mwezi Oktoba mwaka ule ule. Treni haifiki huko, utahitaji gari, na tiketi hununuliwa mapema kwa muda maalumu.

Kuhusu swali la pili, nashukuru umeuliza kabla ya kwenda. Makutano ya barabara ya 38 na Chicago Avenue, mahali George Floyd alipouawa na polisi tarehe 25 Mei 2020, yamejaa michoro, maua na maandishi, na wakazi wameyatunza tangu siku zile. Watu wa mataifa yote hufika, na mgeni anapokelewa. Lakini nenda kama unavyoingia kwenye matanga: punguza sauti, usijipige picha ukitabasamu, usiguse wala kuhamisha kilichowekwa, na ukimkuta mkazi aliye tayari kuzungumza, msikilize zaidi kuliko unavyouliza. Ni mtaa wanamoishi watu, wenye maduka yao na kanisa lao, na kununua kitu kwao ni njia njema ya kushukuru.

Mchangiaji wa Mombasa:

Mimi nina siku moja tu, kwa kuwa ndege yangu inatua asubuhi na nyingine inaondoka usiku. Ukiniruhusu niache mengine yote, niende wapi?

Mwanzisha uzi:

Acha mizigo yako mahali salama, panda Blue Line kutoka uwanjani hadi kituo cha U.S. Bank Stadium, kisha utembee hadi mtoni, mwendo usiochosha. Vuka daraja la Stone Arch na kurudi, ingia Mill City, kwanza ukiwa umehakikisha kwamba siku hiyo wamefungua, maana hawafungui kila siku ya juma. Adhuhuri rudi kituo kile kile, panda Green Line, ushuke Capitol / Rice Street, ule Hmongtown au karibu na hapo, halafu ulitazame jengo la serikali. Kutoka hapo hadi kanisa kuu unaweza kutembea ukivuka daraja la juu ya barabara kuu, na nyumba ya Hill iko mkabala. Kama muda umebana, iache nyumba ya Hill ndani, uitazame kwa nje, lakini kanisa usiliache: zunguka nyuma ya madhabahu, ambako kuna vikanisa vidogo vilivyowekwa kwa ajili ya mataifa yaliyouhamia mji huu, Waairishi, Wajerumani, Waitaliano na wengineo. Kurudi uwanja wa ndege, panda Green Line hadi katikati ya Minneapolis na ubadilishe kwenye kituo kile kile cha U.S. Bank Stadium. Jipe saa mbili za ziada, kwa kuwa treni za huko husimama vituo vingi na foleni ya ukaguzi jioni huwa ndefu.